Steringi mmoja, sura sita: je, hii ni kasoro ya filamu au ndiyo maana yake?

Mkaazi wa Ligula anauliza:

Nawasalimu nyote. Swali langu linahusu filamu ya mwaka 2008, kwa hiyo huenda wengi wenu mliiona zamani, lakini jambo lililotokea Jumamosi iliyopita limenifanya nijiulize kama ni sisi ambao hatukuielewa au ni wao ambao hawakuitengeneza sawasawa.

Hapa Ligula, Mtwara, tuna ukumbi mdogo wenye mabenchi manane, projekta ya kuazima na shuka jeupe tulilolipigilia misumari ukutani. Kila Jumamosi baada ya Isha tunawaonesha filamu vijana wa mtaani, wengi wao wa umri wa miaka 14 hadi 20, kisha tunakaa nusu saa kuizungumzia. Safari hii nilichagua Batman: Gotham Knight, filamu ya katuni ya dakika 75 hivi, yenye visa sita vilivyochorwa kwa mtindo wa anime na studio nne za Japani. Niliichagua kwa sababu vijana wetu wanapenda anime kuliko kitu kingine chochote, na Batman wanamfahamu tangu utotoni, nami nikaamini kwamba vitu viwili wanavyovipenda vikikutana mahali pamoja haviwezi kuwaangusha.

Kisa cha kwanza kilipokelewa kwa furaha. Cha pili kilitazamwa kwa utulivu. Kilipoanza cha tatu, Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe akiwa hajavaa kinyago, akatokea akiwa kijana mwembamba mwenye uso laini kama wa mvulana aliyemaliza shule jana, na hapo ukumbi mzima ukapaza sauti: "Steringi kabadilishwa!" Mmoja alisimama akaniambia kwa heshima kabisa kwamba flashi imechanganya filamu mbili na kwamba nirudishe nyuma. Nilipowaeleza kuwa ni filamu ile ile na mtu ni yule yule, walikaa, lakini moyo ulikuwa umeshawatoka. Katika kisa cha nne watu kama kumi waliondoka. Waliobaki walinyamaza tena katika kisa cha tano, kile ambacho Batman anajikokota kwenye mitaro ya maji machafu akiwa na jeraha la risasi tumboni, na wakati wa mazungumzo ndicho pekee walichotaka kukizungumzia.

Nieleze pia kwamba nakala niliyoitumia ni ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambayo mtafsiri anasimulia juu ya picha kama tulivyozoea kwenye vibanda vya video, kwa sababu sikutaka lugha iwe kikwazo kwa mtu yeyote.

Sasa naomba msaada wenu katika mambo mawili. Kwanza, je, kumbadilisha steringi sura katika kila kisa ni kasoro ya filamu hii, au ndiyo maana yenyewe ambayo watengenezaji walikusudia? Pili, kama ndiyo maana yenyewe, ni namna gani ninaweza kuionesha tena kwa watazamaji walewale bila kuwapoteza kwenye kisa cha tatu? Sitaki kuiacha, kwa sababu waliobaki walitoka wakiwa kimya kwa namna ambayo sijawahi kuiona ukumbini petu.

Mchoraji wa Mikindani anajibu:

Ndugu Mkaazi wa Ligula, nashukuru kwa swali lako. Mimi ni mchoraji wa mabango na katuni, na nimeitazama filamu hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, hivyo niruhusu nianze na upande wa mikono iliyoichora.

Mabadiliko ya sura hayakutokea kwa bahati mbaya. Studio 4°C ilipewa visa viwili, cha kwanza na cha tano, Production I.G ikapewa cha pili. Bee Train cha tatu. Na Madhouse ikapewa cha nne na cha sita. Kila kisa kilikuwa na mwandishi wake na mwongozaji wake. Cha kwanza, kwa mfano, kiliandikwa na Josh Olson na kuongozwa na Shoujirou Nishimi, na cha pili kiliandikwa na Greg Rucka, ambaye ni mwandishi wa vitabu vya katuni. Kama wenye filamu wangetaka sura moja, wangewapa wachoraji wote karatasi moja ya kielelezo, ile inayoonesha mhusika kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma, ambayo kila studio ya katuni duniani huitumia ili pua ya mtu isirefuke wala kufupika kutoka mchoraji mmoja hadi mwingine. Hapa waliamua kila studio ijichoree ya kwake. Mwaka 2003 jambo kama hilo lilifanyika katika The Animatrix, iliyokuwa na visa tisa, na Studio 4°C na Madhouse walishiriki huko pia, kwa hiyo wachoraji hawa walikuwa wakifanya kitu wanachokijua.

Wala Wajapani hawakuanza kumchora Batman mwaka 2008. Jiro Kuwata alimchora katika majarida ya Japani mwaka 1966 na 1967, na baadhi ya vipindi vya katuni za Batman vya miaka ya 1990 vilichorwa katika studio za Japani, ingawa sura zilikuwa zimepangwa Marekani. Ndiyo maana mimi naiona filamu hii kama siku ambayo mafundi walioshona nguo za wengine kwa miaka mingi waliambiwa washone kwa mkato wao wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo vijana wako huenda walilihisi bila kulitaja. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, lakini katika anime mara nyingi mchoro mmoja hushikiliwa kwa picha tatu mfululizo, maana yake ni michoro 8 tu kwa sekunde. Anayelijua jambo hili hutazama mahali ambapo mchoraji ameamua kutumia nguvu zake. Mtu anaweza kusimama bila kutikisika huku mdomo wake peke yake ukisogea, halafu ghafla vazi lake likapepea kwa michoro mingi kiasi kwamba unahisi upepo. Tazama watoto wa kisa cha kwanza wanavyosimama na viungo vyao virefu na nguo zao zinazoning'inia. Pale hakuna uso uliopambwa ili upendeze, na kuta za mji zimechorwa kwa uangalifu uleule waliopewa watu. Ukiwaomba vijana wako wazitazame kuta hizo tu, hata kwa dakika mbili, nina hakika wataanza kuiona tofauti kati ya mkono mmoja na mwingine, na mtu anayeutambua mkono wa mchoraji hakasiriki mkono unapobadilika.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba ndiyo maana yenyewe.

Mwalimu wa Lindi anajibu:

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini. Ninafundisha Kiswahili hapa Lindi na nimeitumia filamu hii darasani, hasa kisa cha kwanza, nilipokuwa nikifundisha usimulizi. Naungana na Mchoraji, lakini nadhani jibu limo ndani ya filamu yenyewe.

Katika kisa cha kwanza watoto wanakutana mahali wanapochezea vibao vyao vya kuteleza vyenye magurudumu, na kila mmoja anadai kwamba siku hiyo amemwona Batman. Wa kwanza anasema ni kivuli kilicho hai, kinachoyeyuka na kupenya kila mahali. Mwingine anasema ni popo mkubwa mwenye mabawa, nusu mtu nusu mnyama. Wa tatu anasema ni mashine iliyojaa silaha. Kisha, wakiwa bado wanabishana, Batman mwenyewe anatokea mbele ya mtoto wa nne, naye si kivuli, si popo, wala si mashine. Ni mtu mzima aliyechoka, anayevuja damu, na mtoto huyo ndiye anayemsaidia kumwangusha adui kwa ubao wake. Filamu imekwambia mapema namna ya kuyatazama yatakayofuata. Wale wachoraji wengine wote ni watoto wa uwanja ule, na kila mmoja anakuja na alichokiona.

Niwaeleze kwa nini kisa hiki kilinigusa mimi mtu wa Lindi kuliko kinavyoweza kumgusa mtu wa kwingine. Nilikulia kijijini, katika miaka ambayo simba walikuwa wakiua watu. Wataalamu waliochunguza jambo hilo walihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba nchini Tanzania kuanzia mwaka 1990 hadi 2004, na wengi wao walikuwa wa upande wetu huu wa kusini. Sababu waliyoieleza ndiyo ambayo wazee wetu waliijua. Mazao yakikaribia kuvunwa, nguruwe pori huingia mashambani, mkulima analazimika kulala kwenye dungu ili ayalinde, na simba anayewafuata nguruwe anamkuta mtu.

Alipochukuliwa jirani yetu mmoja, asubuhi yake niliwasikia watu wanne wakieleza walichokiona usiku. Mke wa marehemu alisema ni jike lenye mbavu zilizotokeza. Kijana wa dungu la pili alisema hakuwa na mkia. Mzee mmoja alisema alitembea kwa miguu miwili mpaka kwenye kichuguu ndipo akainama. Na wa nne, ambaye alikuwa amekaribia zaidi kuliko wote, alisema hakuona chochote, ila alisikia mtu akivutwa juu ya mabua. Wengi waliamini kuwa yule si simba wa porini, ni simba wa kutengenezwa, simba mtu. Sikumbuki mtu yeyote pale akisema kwamba kwa kuwa maelezo hayafanani basi simba ni wanne. Kila mtu alijua kuwa ni mmoja, na kwamba hofu ya kila mtu ndiyo iliyomchora.

Sizungumzi haya ili kulinganisha msiba wa watu na burudani. Ninachosema ni kwamba watazamaji wa kwetu wanayo tayari akili ya kukielewa kitu kimoja kilichosimuliwa kwa sura nyingi, tena wameipata kwa gharama kubwa. Ndugu Mkaazi, kabla hujawasha projekta waulize vijana wako kama nyumbani kwao kuna habari ya mnyama au mtu ambaye kila mwanafamilia anamweleza kwa namna yake. Waache wasimulie hata robo saa. Kisha waoneshe kisa cha kwanza, usimamishe, na uwaambie kwamba visa vitano vilivyobaki ni mashahidi watano. Darasani kwangu hilo lilitosha.

Mkulima wa Masasi anajibu:

Mwalimu, shikamoo. Nimeyasoma maneno yako kwa heshima, na simulizi ya dungu imenikumbusha mengi, lakini sikubaliani na hitimisho lako, na naomba uniruhusu nieleze kwa nini.

Ushahidi unaoutaja ni kweli katika kisa cha kwanza, kwa sababu mle kuna watoto wanaosimulia. Katika kisa cha tatu hakuna anayesimulia. Bruce Wayne yumo na Lucius Fox, yule anayemtengenezea vifaa, hajavaa kinyago, hakuna giza, hakuna hofu, na hakuna mtoto aliyemwona kwa mbali. Tunamwona sisi wenyewe, mchana kweupe, naye ana uso wa kijana ambaye hakuwahi kupoteza usingizi hata usiku mmoja. Huyo si simba aliyeonwa gizani na watu wanne. Huyo ni mtu tunayekaa naye meza moja, na mtu wa meza moja hakubadilikii umri.

Jambo linalozidi kuniudhi ni kwamba filamu yenyewe inajitangaza kuwa ni mfululizo. Adui anayekamatwa katika kisa cha kwanza ndiye ambaye wapelelezi Crispus Allen na Anna Ramirez wanampeleka Arkham, hospitali ya wahalifu wenye wazimu, katika kisa cha pili. Ugomvi wa genge la Maroni na genge la Mrusi unaoanza katika cha pili unaendelea katika cha tatu. Filamu hii iliwekwa kwa makusudi katikati ya filamu za Batman Begins ya mwaka 2005 na The Dark Knight iliyotoka siku chache tu baada yake, Julai 2008. Ukinipa hadithi sita zisizohusiana, mchore unavyotaka, sitakuwa na neno. Lakini ukizifunga kwa kamba moja ya matukio, mimi mtazamaji nina haki ya kumtambua mtu aliyeko mwisho wa kamba.

Nasema pia wazi kwamba kisa cha nne ni chepesi. Kadinali anatekwa, Batman anashuka chini ya ardhi, anapambana na adui aitwaye Killer Croc, kunakuwa na moto na maji, kisha kwisha. Vijana kumi walioondoka hawakukosea. Mimi ningeondoka nao.

Pamoja na hayo, kisa hicho cha tatu nilichokilaumu kina jambo moja ambalo silisahau. Batman anapewa kifaa kinachokengeusha risasi zisimpate. Anakwenda nacho kwenye mapambano, risasi iliyomkwepa yeye inampata mmoja wa wale maadui, kijana mdogo. Batman anaacha kila kitu, anambeba kumpeleka hospitali, halafu anakirudisha kifaa kwa Lucius, kwa kuwa yuko tayari kuhatarisha uhai wake mwenyewe lakini si wa mtu mwingine. Sijui filamu nyingine ya steringi wa namna hii ambayo inaifuata risasi moja hadi mahali ilipoangukia. Kwa nini basi jambo zito kiasi hicho wakalivika uso usiolibeba? Hapo ndipo ninapoumia.

Mchoraji wa Mikindani anajibu:

Kaka wa Masasi, kuhusu uso wa kisa cha tatu sina utetezi mkubwa. Naona kama mchoraji alitaka tumwone kijana ambaye bado anaamini kuwa kifaa kinaweza kumlinda, lakini nakubali kwamba ni vigumu kuliona hilo mara ya kwanza. Kuhusu kisa cha nne hatutakubaliana, maana namna weusi ulivyotumika mle kuficha ukubwa wa mahandaki ndiyo iliyonifanya nianze kuchora kwa wino.

Dada wa Spika anajibu:

Nawasalimu wote, na Mwalimu shikamoo. Ninaishi Shangani, hapa hapa Mtwara, na kwa miaka mingi nimefanya kazi ya kurekodi na kuchanganya sauti, za matangazo, za mawaidha na za ngoma za harusini. Nimeusoma mjadala wote nikisubiri mtu mmoja alitaje jambo ambalo Ndugu Mkaazi alilisema mwenyewe katika swali lake na kulipita haraka. Alisema kwamba alitumia nakala iliyotafsiriwa.

Wachoraji wote wale walikuwa huru kubadilisha sura kwa sababu kuna kitu kimoja ambacho hakikubadilishwa. Katika visa vyote sita Batman anazungumza kwa sauti ya mtu mmoja, Kevin Conroy. Huyu alianza kumpa Batman sauti katika katuni za mwaka 1992, akaendelea kwa karibu miaka 30, na alifariki Novemba 2022. Mtazamaji wa Marekani aliyekua na katuni zile hahitaji kuutambua uso. Sauti ikitoka tu, anajua ni nani. Ndiyo kamba ambayo Kaka wa Masasi anaitafuta, na imepita masikioni badala ya machoni.

Tena Conroy alikuwa na sauti mbili. Akiwa Bruce Wayne mbele za watu hulegeza koo na kuongea kwa wepesi. Akiwa Batman huishusha sauti mpaka kifuani. Katika kisa kile cha tatu, unapoona uso wa kijana, masikioni mwako yumo mtu mzima, na kupishana kwa vitu hivyo viwili ndiko kunakokuambia kwamba uso ule ni vazi kama lilivyo lile la popo.

Sasa fikirini nini hutokea kwenye nakala zetu. Mtafsiri anapoingia, sauti ya asili hushushwa mpaka inakuwa kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, na juu yake inawekwa sauti yake yeye, ambayo ni moja kwa Batman, kwa Gordon wa polisi, kwa Maroni, kwa mwanamke na kwa mtoto. Siwalaumu watafsiri. Nimekua nikiwasikiliza, wamewafikishia filamu wazazi wetu ambao hakuna mtu mwingine aliyewajali, na wapo wenye kipaji kikubwa. Ila kwa filamu hii hasa, kazi yao imeondoa kitu pekee kilichokuwa kikiunganisha visa sita. Nakala uliyowaonesha vijana ilikuwa na sura sita na haikuwa na sauti ya mwenyewe hata moja. Walipopaza sauti kwamba steringi kabadilishwa walikuwa wamesema kweli kabisa kuhusu kile kilichokuwa mbele yao.

Na ndiyo maana, nadhani, kisa cha tano kiliwarudisha. Mle maneno ni machache. Kuna muda mrefu ambao Batman anahema tu, anagugumia, anajisukuma ukutani, na mtafsiri hana cha kutafsiri, kwa hiyo ananyamaza, na sauti ya asili inapandishwa. Kwa mara ya kwanza jioni ile vijana wako walimsikia mwenyewe.

Ushauri wangu ni mmoja. Tafuta nakala yenye sauti yake ya asili, uzime picha kabisa, uwasikilizishe dakika tano za kisa cha kwanza na dakika tano za kisa cha tano wakiwa gizani. Usieleze chochote. Waulize tu ni watu wangapi wamewasikia.

Mkulima wa Masasi anajibu:

Dada, jana usiku nimekaa na spika za masikioni na kukirudia kisa cha tatu huku nimefumba macho. Naondoa nusu ya malalamiko yangu. Nusu nyingine inabaki, kwa sababu filamu ni ya macho pia, na mtu hapaswi kuyafumba ili imwingie. Lakini ni kweli kwamba yule anayeongea na Lucius si mvulana.

Mwalimu wa Lindi anajibu:

Mwanangu wa Shangani, marahaba. Nakushukuru, umenifundisha. Darasani kwangu nilitumia sauti ya asili kwa sababu wanafunzi wangu walitaka kujipima Kiingereza chao, na miaka yote hii niliamini kuwa ni maelezo yangu kuhusu mashahidi yaliyowafanya waelewe. Sasa naona huenda ilikuwa ni zaidi ya hayo. Nakumbuka pia kwamba yule shahidi wa nne wa kijijini kwetu, aliyekuwa karibu kuliko wote, ndiye ambaye hakuona kitu na alisikia tu.

Mkaazi wa Ligula anajibu:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza nijaribu.

Jumamosi hii nilifanya kama Dada wa Spika alivyoelekeza. Nilifunika lenzi ya projekta kwa kitambaa, nikazima taa, na nikaweka sauti ya asili kupitia spika moja kubwa iliyokuwa katikati ya mabenchi. Mwanzoni kulikuwa na kunong'ona na kucheka, kisha vikaisha. Taa ilipowashwa niliuliza ni watu wangapi wamewasikia. Wengi walisema watoto kadhaa na mwanamume mmoja. Kijana yuleyule aliyeniambia wiki iliyotangulia kuwa flashi imechanganya filamu mbili aliuliza kama mwanamume yule alikuwa ameumia katika sehemu zote mbili, kwa sababu pumzi yake ilikuwa nzito mwanzoni na nzito zaidi mwishoni. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Baada ya hapo tulisimulia, kama Mwalimu alivyoshauri. Binti mmoja kutoka upande wa Tandahimba alieleza kuhusu kinyago cha midimu, ngoma ya vinyago ya jando, alichokiogopa utotoni, na namna kaka zake watatu wanavyokieleza kila mmoja kivyake hadi leo. Nilimwacha aseme alichotaka na sikumuuliza zaidi, kwa kuwa mambo ya jando yana mipaka yake.

Ndipo nikakiondoa kitambaa. Tulitazama visa vitatu tu, cha kwanza, cha tatu na cha tano, na nilikuwa nimeandika muhtasari wa Kiswahili ambao niliusoma kabla ya kila kisa, kisha nikakaa kimya kikiendelea. Kisa cha tatu kilipoanza waliguna, mmoja akasema uso ule kwa kweli haupendezi, na wengine wakamwambia anyamaze asikilize. Katika kisa cha tano, mwishoni kabisa, Batman yuko ndani ya shimo la takataka, ameokota bunduki zilizotupwa humo, moja baada ya nyingine, mpaka mikono imejaa. Alfred, mtumishi wake wa nyumbani, anafika juu na kumnyooshea mkono ili amtoe, naye hawezi kuushika, kwa kuwa hawezi kuziachia bunduki. Anasema hivyo kwa maneno machache mno, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Jumamosi ijayo tutamalizia visa vitatu vilivyobaki, pamoja na hicho cha nne ambacho Kaka wa Masasi na Mchoraji hawakubaliani, ili vijana waamue wenyewe. Dada wa Spika, kama utakuwa na nafasi, karibu Ligula. Spika yetu inakoroma kwenye sauti nzito, na nadhani kwa filamu hii hatuwezi kuiacha hivyo.

Dada wa Spika anajibu:

Nitakuja mapema, kabla ya Magharibi. Nitakuja na waya wangu, na usiisogeze spika mpaka nione imekaaje.